Lami Upande wa Udongo

Arusha

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na Mama, kile kifua kimepoa? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila baridi ya Mlima Meru sijaizoea.

Nina jambo la kukueleza, na heri ulisikie kwangu kabla hujalipata kwa wasafiri. Mimi si nyapara tena.

Mwaka jana tulimjengea Bwana Karim, muuza vitambaa, duka lenye ghala chini ya ardhi. Mahali penyewe ni mteremko, kwa hiyo ukuta wa upande wa juu ndio unaozuia udongo wote. Bwana Karim akatuuliza maji tutayazuiaje. Elia, mwashi mwenzangu, Mmeru wa Tengeru, akasema tupake lami kwa nje kabla ya kufukia, tena chini tupange kokoto na bomba la kuyatoa maji.

Nikamcheka mbele ya watu. "Lami ni ya barabara! Baba yangu amejenga Tanga maisha yake yote, anapiga plasta nzito ya saruji kwa ndani, na hakuna tone lililopita."

Elia akajibu taratibu, "Kaka, huku maji hayatoki juu peke yake. Yanatembea chini ya ardhi kutoka mlimani."

Nyapara nilikuwa mimi. Tukapiga plasta.

Masika yalipokolea, plasta ikavimba kama andazi, ikabanduka. Ukuta wenyewe ukaanza kutokeza tumbo. Marobota ya vitambaa yalikuwa yameshaingizwa, yakalowa mengi. Bwana Karim akatuita, akauliza, "Nani alichagua plasta?"

Elia alikuwa kando yangu. Baba, angenitaja nisingeumia vile. Nikasema, "Ni mimi, Bwana. Huyu alinionya, nikamdharau."

Nilingoja kufukuzwa. Bwana Karim akauonyesha ukuta kwa kidole, akasema, "Fukueni. Safari hii Elia ataamua."

Mvua zilipokatika tukafukua udongo wote, tukaibomoa sehemu iliyotokeza na kuijenga upya. Tukachemsha lami, tukapaka mara mbili, tukabandika magunia yaliyoloweshwa lami, tukapanga kokoto na bomba. Nilikuwa nabeba ndoo kama kibarua, na kovu la lami ninalo mkononi. Elia hakunicheka hata siku moja.

Vuli ikaja, ikanyesha siku nne mfululizo. Bwana Karim akashuka ghalani, akaupapasa ukuta toka pembe hadi pembe. Viganja vikavu. Akaniambia, "Salehe, wewe ndiye uliyetangulia kazini. Rudi kwenye unyapara wako."

Nikamjibu, "Mwache Elia, Bwana. Mimi nitafanya kazi chini yake." Na ndivyo ilivyo hadi leo.

Nisalimie Mama, dada Mwanahawa na mumewe, na ami yangu mwadhini. Mwambie bibi koti alilonitumia nimelipata.

Baba, watu watakwambia mwanao ameikana kazi yako. Usiwasikilize. Mkono ni ule ule ulionipa, ardhi ndiyo nyingine.

Ni mimi mwanao anayekuombea afya,
Salehe