Sahihi ya Mama Hesbon

Matisi, Kitale
3 Machi 2025

Mama Hesbon,

Habari ya Sirisia? Natumaini wewe na Hesbon mko salama. Mimi ni mzima. Simu zangu hushiki, ndio maana naandika.

Sisi watu wa zimamoto tumeruhusiwa kujitoa kwa pensheni. Ukijitoa unarudishiwa makato yako yote, na mimi nataka kununua ploti hapa. Lakini ofisi inasema lazima mke aliyeandikwa kwa faili aweke sahihi, na huyo ni wewe. Fomu ndiyo hii. Tafadhali, usinikawize.

Ni mimi,
Baba Hesbon

Sirisia
10 Machi 2025

Baba Hesbon,

Pokea salamu. Tuko wazima, asante kwa kuuliza baada ya miaka sita.

Hiyo ploti ni ya Chelagat, huyo mwanamke unayeishi naye, si ndio? Unadhani habari za Matisi hazifiki huku? Ati leo mimi ni mke kwa sababu faili limesema! Si umwambie yeye aweke sahihi?

Ukitaka yangu, njoo kanisani Jumapili na yunifomu. Simama mbele ya wale kina mama wanaonicheka, useme ni nani alimtoroka mwenzake. Hapo nitasaini.

Mama Hesbon

Matisi, Kitale
24 Machi 2025

Mama Hesbon,

Hamjambo? Nilifika salama, lakini aibu haijaniisha. Nilisimama nikasema yote, hata pasta akainamisha kichwa. Nyumbani ukapika kuku, na firigisi ya mwenye boma ukampa Hesbon huku nikiangalia! Ukasema fomu utaituma.

Bado sijaiona. Ijumaa hii ndio mwisho, bana. Nakuomba.

Baba Hesbon

Sirisia
31 Machi 2025

Baba Hesbon,

U mzima? Mimi wiki hii nimelala vizuri sana.

Barua yako ilifika Jumatano. Ijumaa nilishinda shambani nikipanda mahindi, na fomu ilikuwa juu ya kabati, haina hata doa la wino. Ndiyo, nilikudanganya. Wewe ulinidanganya madhabahuni.

Sasa zima moto huko mpaka ustaafu. Ukitangulia, pensheni ni ya mjane aliye kwa faili. Watakuleta hapa Sirisia, na ni mimi nitaketi karibu na kichwa chako. Chelagat atasimama nje na wapita njia.

Mimi sina haraka.

Mkeo,
Mama Hesbon