Sahani ya Mama Venansi

Kadutu, Alhamisi, Novemba 1956

Mvua imenyesha tangu asubuhi, sasa imebaki manyunyu. Mtoto amelala. Naandika mbio mbio maana sijui atanipa muda gani, na jambo la leo nikilibeba peke yangu litanipasua kichwa.

Jumapili padri alitupa kazi. Misa ya Kilatini ilinipita kwa sababu ya kubembeleza mtoto, lakini mahubiri yalikuwa ya Kiswahili na niliyasikia vizuri. Alisema wiki hii tusimtafute Mungu mbali. Tumtafute bombani, sokoni, mlangoni kwetu, na kila siku tutaona alama moja ya upendo wake.

Nilimtazama nikawaza: wewe unapikiwa.

Ila nilijaribu. Jumatatu, bombani, msichana mmoja alinipisha nichote kabla yake. Alama hiyo! Halafu nikamwona anasogeza ndoo yake mbali na yangu, nikajiuliza anakimbia nini. Jumanne muuza mihogo aliniongezea muhogo mmoja bila kuombwa. Nilipoumenya nikakuta ni mweusi ndani. Ndivyo nilivyo. Mtu akinipa kitu, macho yangu yanakwenda kwanza kwenye mkono wake.

Sasa niseme lililonisumbua. Mtoto wangu hajamaliza mwezi na maziwa yangu yanakauka. Baba yake yuko Kamituga kwenye mgodi wa dhahabu, na mvua zimekata barabara. Yeye hawezi kuja wala kututumia chakula. Nakula muhogo na chumvi. Mtoto ananyonya kidogo, anaachia, analia mpaka sauti inamwisha. Kule dispansari wanatoa maziwa ya unga, lakini nani anajua wazungu wanachanganya nini humo? Nilifika mpaka mlangoni, nikarudi mikono mitupu.

Na chakula kizuri nakipata. Hapo ndipo aibu ilipo.

Jirani yangu Mama Venansi, ambaye ukuta wa chumba chake ndio ukuta wa chumba changu, ananiletea sahani kila siku. Fufu ya unga wa muhogo, maharagwe, siku nyingine ndagala, samaki wale wadogo, kwenye mafuta ya mawese, harufu yake inakufuata mpaka kitandani. Anaiweka kizingitini, anaita, "Mama Anjela, chakula!" Nikifungua mlango, nauona mgongo wake tu.

Kwa kabila yeye ni Mushi, mimi ni Murega. Sina ubaya na Washi, lakini nimekaa nao vya kutosha kujua desturi yao. Mwenye kukupa chakula au kasiksi, pombe yao ya ndizi, anaonja kwanza mbele yako, umwone anameza, ndipo nawe unapokea. Wifi yangu, aliyekuja nilipojifungua, alinishika mkono siku ya kuondoka akasema nisile cha mtu asiyeonja. Mama Venansi haonji. Wala haingii ndani. Basi kila siku nimekimwaga chakula chake nyuma ya nyumba, kwenye migomba, huku tumbo langu likinguruma. Kuku walikula na hawakufa. Nikajiambia labda ni sumu isiyo na haraka.

Nimemwaga chakula na mtoto wangu ana njaa. Nimeliandika, sasa nalisoma, na linanitisha.

Leo nilipokwisha kumwaga, nikaona haya kumwachia tena sahani yake tupu kizingitini. Nikaweka ndizi mbivu juu yake, nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda. Kusema kweli haikuwa heshima tupu. Nilitaka kumwona usoni.

Mama Venansi alifungua mlango nusu. Alipoziona ndizi akarudi nyuma.

"Onja kwanza," akasema.

Mimi! Mimi ndiye niambiwe nionje!

"Unaniogopa?"

"Miye naogopa," akajibu, wala hakupunguza sauti. "Balisema weye iko na mukono mubaya. Balisema mutu akikula mu nyumba yako hatamaliza mwaka. Ndiyo maana siingiake kwako."

Nikamkumbuka yule msichana na ndoo yake. Kumbe mtaa mzima ulikuwa unanitazama kama nilivyokuwa nautazama. Nilikasirika. Kidogo nimrushie zile ndizi.

"Kama unaniogopa, mbona unanipikia?"

Alinikazia macho, akashangaa kwamba mtu mzima anauliza swali la namna hiyo.

"Mutoto iko analia, mama. Namusikia. Ningefanya je?"

Basi. Hakutaja Mungu, hakutaja padri. Hasira ikaniishia. Mwanamke huyu aliamini naweza kumuua, na bado aliwasha moto wake kila siku kwa ajili yangu. Mimi nilikuwa naumwaga upendo wake kwenye migomba. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Nikamenya ndizi, nikala nusu mbele yake, nikampa nusu. Aliigeuza, akainusa, akaila na uso wa mtu anayemeza dawa chungu ya kinini. Kisha akatoa sufuria, akamega fufu, akachovya, akameza, akafungua mdomo nimwone. Akanisogezea. Nilikaa kizingitini kwake, mvua ikinidondokea begani, nikala mpaka nikakwangua.

Hatukukumbatiana. Hatukusameheana. Aliniambia, "Nikikufa, batajua ni weye."

"Na mimi nikifa, ni wewe," nikamjibu.

Akacheka kidogo, nami pia, halafu kila mmoja akakumbuka hofu yake.

Mpaka sasa tumbo langu ni zima. Nalisikiliza bado, siwezi kudanganya. Maziwa hayawezi kurudi kwa sahani moja, najua. Lakini jioni hii mtoto amenyonya muda mrefu kuliko jana, ameachia mwenyewe, na amelala bila kulia. Sijui kesho nitaamkaje. Najua tu kwamba sahani ikija, nitatoka nje kabla hajageuka, nikamwombe tukae tule sote wawili pale pale penye mwanga, kila mmoja amwone mwenzake akimeza.

Nilikuwa nafunga kalamu hapa, ukuta umegongwa.

"Mama Anjela! Mutoto iko muzima? Sisikie kilio!"

Nimeweka mdomo karibu na ukuta nikamwambia ameshiba. Kisha nimemsikia akimwambia mumewe, polepole, "Ameshiba," na mimi hapa nimeanza kulia.