Pua ya Baba

Jumatatu, 2 Februari
Kreti kumi na nane za maembe kutoka Mbeere. Tumemenya hadi saa kumi, mimi na Mutugi, msaidizi wangu. Kucha za manjano, mgongo umekwisha. Mutugi kasema godauni lote linanukia likizo za utotoni. Nikaitikia. Sikusikia harufu yoyote.

Wiki ya tisa sasa. Homa ya Desemba iliondoka na pua yangu. Mtengeneza bia asiye na pua. Sijamwambia mtu.

Maembe yote tumetia tangi la kwanza. La pili bado ni bia tupu. Uzinduzi ni tarehe ishirini na nane. Bia ya embe tunaitoa mara moja tu kwa mwaka, na watu huanza kuiulizia kabla maembe hayajaiva.

Alhamisi, 12 Februari
Siku ya kuonja. Bia ni baridi. Inachoma ulimi kidogo. Uchachu wa mbali. Ninaishia hapo.

Nikampa Mutugi glasi. Shavu limejaa miraa, mtu wa Maua huyu, inakolimwa, na chingamu juu yake. "Iko tamu, Kendi. Iko sawa kabisa." Nikaandika "tamu" kwenye daftari. Sasa nikilitazama neno hilo naona haya. Mwenye miraa na chingamu mdomoni, hata maji ya mtaro kwake ni matamu.

Naogopa.

Jumapili, 15 Februari
Kibirichia, nyumbani. Nilibeba chupa moja ndani ya mkoba, nimeifunga kwa leso.

Kabla hajaokoka, Baba alikuwa akipika uki, pombe ya asali. Hakuna posa iliyofanyika huku bila yeye kuitwa anuse kwanza. Aliacha nikiwa darasa la nne. Sasa ni mzee wa kanisa, na miaka mitano niliyokuwa na kiwanda hajakanyaga mlangoni.

Nilimwambia habari ya pua. Ndiye wa kwanza kujua. Nikamwomba anuse tu. Aliendelea kuchagua viazi vya mbegu, vikubwa huku, vidogo kule. Halafu akasema, "Hiyo kitu usiingize kwa hii boma."

Nimerudi Meru na chupa yangu. Nina hasira naye. Nina hasira zaidi na mimi mwenyewe.

Jumatano, 18 Februari
Baba amekuja. Hakupiga simu. Koti la kanisani, viatu vina udongo wa Kibirichia. Akamtuma Mutugi maji ya kunywa ili tubaki wawili, akaomba glasi.

Alinusa muda mrefu, macho amefumba. Akachovya kidole, akagusa ulimi, akatema kwenye mtaro. "Inanuka mafuta ya taa. Mlikata kikonyo mkamenya hapo hapo?"

Ndivyo tulivyofanya. Tulikuwa na haraka. Utomvu wote ukaingia kwenye bia, nami nilikuwa nimeinamia maembe hayo siku nzima bila kuunusa.

"Kata kikonyo, osha, laza ikiangalia chini mpaka kesho. Hata watoto wa Mbeere wanajua."

Tangi la kwanza nimelimwaga lote. Mutugi hasemi nami. Nimeagiza maembe mengine kwa ajili ya tangi la pili.

Jumapili, 22 Februari
Mama kapiga simu baada ya ibada. Baba ameonekana akitoka kwenye kiwanda cha pombe. Wazee wenzake wakamuuliza mbele ya watu wote kama alionja. Akasema alionja, akatema. Wakamuuliza kwa nini. Akanyamaza.

Wamemvua uzee. Leo ameketi benchi la nyuma.

Angeweza kusema. Sentensi moja tu: binti yangu hasikii harufu. Alijua sitaki watu wajue. Sijala chochote tangu simu hiyo.

Ijumaa, 27 Februari
Nilimkataza asije. Amekuja, koti lile lile. Akanusa tangi la pili. Kidole, ulimi, akatema. "Sasa hii ni embe."

Habari za kanisa hakuzigusa. Mimi pia sikuzigusa. Mwoga.

Jumamosi, 28 Februari
Uzinduzi. Kwetu aliyepika ndiye hunywa kwanza, wageni wakimtazama, ndipo wengine wanywe. Nikanyanyua glasi. Baridi, mapovu, hakuna kingine. Ningeweza kuwa nakunywa maji ya soda. Nikatabasamu, nikasema, "Sasa hii ni embe." Watu wakapiga makofi, wakanywa, wakaomba nyingine.

Nilisema uongo kwa neno la kweli la mtu mwingine. Sifa zote nikabeba mimi. Mama mmoja alinishika mkono akaniambia nimezaliwa na kipaji.

Jumapili, 1 Machi
Nimeenda Kibirichia mapema. Baba alikuwa kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango, peke yake. Nikaketi kando yake. Akasogea kidogo kunipa nafasi. Koti lake hunukia moshi na sabuni ya kipande. Najua kwa kukumbuka tu.

Tuliimba. Matangazo yakasomwa. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye neno.

Nikasimama. Baba akanivuta sketi niketi.

Sikuketi.