Seva ya Mama Kifaranga

Jumamosi, 4 Mei
Simu imejaa tena. Ili nimrekodi mwanetu Kifaranga akivaa viatu mwenyewe — cha kulia mguu wa kushoto, lakini mwenyewe! — imebidi nifute video yake ya kutambaa. Nikafuta. Kisha nikakaa kitandani kama zuzu. Mama yake aliiona mara moja tu ile, akiwa kazini huko ng'ambo.
Basi! Nimeishusha kompyuta yake ya zamani kutoka juu ya kabati. Itakuwa seva ya nyumbani. Video zote zikae humo, naye afungue kutoka huko huko kila akitaka.

Jumatatu, 6 Mei
Fundi kompyuta kaniangalia mimi, kaiangalia mashine, kacheka mpaka kashika meza. Memori nusu giga! Anasema hata simu ya mwanawe ina zaidi. Ila kanitia moyo: kutunza faili si kazi ya misuli, niivue tu mapambo yote na niiwekee diski mpya.

Jumatano, 8 Mei
Imekubali! Hakuna picha, hakuna vidude vya kubofya, ni maandishi meupe kwenye kioo cheusi. Inahema hiyo! Nimeiita Ajuza.
Mama mkwe kaifunika kitambaa cha kochi, eti vumbi. Ikachemka, ikazima. Nikafunua. Akafunika. Nikafunua. Tumeelewana: sasa anafunika redio.

Jumatatu, 13 Mei
Kuna orodha ya waliomo kwenye seva. Siku zote ni mimi peke yangu. Leo jioni ukachomoza mstari wa pili: mama. Yumo! Nimesema "karibu" kwa sauti, mbele ya kompyuta, mtu mzima mimi na ndevu zangu.
Kafungua ile ya viatu. Kairudia, kairudia. Halafu mstari ukapotea, nyumba ikapoa.
Nimemkumbuka mke wangu, jamani. Namtaka hapa, na ile miguu yake ya baridi mgongoni mwangu.

Jumapili, 19 Mei
Nimemuuliza kwenye simu: mkataba si unaisha mwezi ujao? Tuje kukupokea na gari la nani? Kasema tutaongea vizuri, mtandao unakatakata.
Mtandao ulikuwa safi. Nilimsikia mpaka akimeza mate.
Mama mkwe anasema nisimbane mwanawe, atasema mwenyewe. Sawa, simbani. Lakini chumba nimeshakipaka rangi, ile ya kijani aliyoililia miaka yote.

Ijumaa, 24 Mei
Kifaranga anatimiza miaka minne keshokutwa. Mama yake kapiga mchana, haraka haraka: Baba Kifaranga, naweka salamu zake za siku ya kuzaliwa humo kwenye seva, usimwonyeshe kabla ya siku yenyewe. Nikasema sawa, mpenzi. Kakata.
Mstari wake ukatokea. Faili ikaanza kuingia, taratibu, Ajuza akihema. Jina lake: miaka minne. Nikatabasamu peke yangu. Ikaingia yote. Nikangoja mstari upotee.
Haukupotea. Ikaanza faili nyingine. Miaka mitano.
Nikadhani kakosea. Nimempigia — inaita, hapokei. Nimepiga tena. Mama mkwe kasimama mlangoni, anauliza kuna nini, mbona nimebadilika hivyo. Nimemwambia kompyuta inasumbua. Hajaondoka; anakitazama kioo, wala hashangai. Anajua huyu! Anajua tangu lini?
Kifaranga kanipanda pajani, anagusa mstari kwa kidole. Huyu mama? Ndiyo, mama. Anafanya nini? Nimemwambia anakuwekea zawadi.
Ya miaka mitano imeshaingia. Sasa inapanda miaka sita, imefika nusu. Anayerudi mwezi ujao haweki salamu za miaka yote hiyo. Naandika kwa mkono mmoja. Mwingine umeshika waya wa intaneti, tayari kuuchomoa.