Mhehe Amechukua Kafi la Mume Wangu

Jumatano, mwezi wa tatu. Mvua imekatika tangu juzi na jua ni kali, lakini Ruaha haujapungua hata kidogo. Tangu asubuhi nimekwenda kuutazama mto mara nyingi kuliko nilivyomtazama mtoto.

Naogopa.

Niandike kwa utaratibu, maana nikiandika kwa woga nitasoma kesho nisijielewe. Mwalimu wa misheni aliyenifundisha kuandika alisema tuandike baraka za kila siku. Leo baraka sizioni vizuri.

Jumatatu alikuja bwana mmoja Mdachi kutoka boma, na mahema yake, na wapagazi, na sanduku la vyombo vya kupimia. Anachora mto. Njia ya kwenda kusini inakuwa tope wakati wa mvua na mizigo inakwama, kwa hiyo boma linataka kujua kama inaweza kupita majini. Akatuuliza sisi wa kivukoni: wapi hata asiyejua kupiga kafi anaweza kupita, wapi anatakiwa mzoefu, na wapi hapapitiki? Kwa kila jibu ana penseli ya rangi yake.

Majibu tunayo. Juu ya kivuko mto ni mpana na mpole. Hata mimi napita pale, na nilipita nikiwa na mimba ya Nyemo, mtungi umekaa mbele yangu. Tunapaita Kwa Wanawake, na wanaume wakipapita huwa wanapiga soga. Chini ya kivuko ni Kwenye Viboko. Mto unajikunja huku na huku, maji yanakuvuta upande wa nje wa kona, na ni lazima ujue wale wanyama wameamkia wapi siku hiyo. Halafu kuna Mawe. Hapo mimi nimesimama ukingoni tu. Maji yote ya mto yanabanwa kati ya majabali, na wakati wa mvua kelele yake inafika mpaka jikoni kwangu. Hata sasa naisikia.

Kwetu mtu hajipandishi daraja mwenyewe. Ukitaka kutoka Kwa Wanawake uende Kwenye Viboko, mara ya kwanza anakaa mbele yako mtu aliyekwisha kupita, wewe unakaa nyuma. Mkifika salama, yeye ndiye anayewatangazia watu, na tangu siku hiyo unaitwa mtu wa Viboko. Mume wangu, baba Nyemo, ni mtu wa Viboko. Mtu wa Mawe amebaki mmoja tu, Kihwele, Mhehe aliyehamia upande wetu wa mto kabla sijaolewa. Na tangu bega lake liumie, hashiki kafi ila kwa kuvuka kwenda kusalimia kwao.

Basi Jumatatu ile mkalimani wa bwana, Mrangi wa Kondoa mwenye kanzu safi kupita kiasi kwa matope haya, akauliza ni nani atakayepita na bwana mto mzima, mpaka chini ya Mawe. Akaongeza kwamba mtu huyo hataitwa kubeba mizigo kiangazi kijacho.

Baba Nyemo akasema, "Mimi."

Kila mtu pale alijua hajawahi kupita Mawe. Hakuna aliyefungua mdomo, na mimi nikiwa mmoja wao.

Sikuweza hata kumkasirikia. Kiangazi kilichopita alichukuliwa kubeba mizigo mpaka Dodoma, gari moshi linakopita, akarudi nyayo zimepasuka na kikohozi ambacho hakikumtoka mpaka mvua zilipoanza. Nililia siku ile. Nilimwambia sitaki kumwona akichukuliwa tena. Kumbe aliyaweka maneno yangu moyoni. Ile "Mimi" yake nusu ni kiburi, nusu ni machozi yangu.

Jana walipita Kwa Wanawake na Kwenye Viboko. Bwana alifurahi na akapaka rangi zake. Baba Nyemo alirudi anacheka, akambeba mtoto, akaomba chakula. Nilimngoja anawe. Nikamuuliza Mawe atayapitaje keshokutwa. Akasema maji ni maji, nisimtie mkosi.

Na kukataa hawezi. Mtu aliyekubali mbele ya bwana kisha akageuka, tunajua anavyochapwa. Nimewaona waliochapwa wakilala kifudifudi siku nzima.

Kwa hiyo asubuhi ya leo, baba Nyemo alipotoka, nilikwenda kwa Kihwele.

Nilimkuta mlangoni kwake anatengeneza mtego wa samaki. Babu zake walikuwa wakija kuchukua ng'ombe wa babu zetu, na babu zetu wakiwafuata na mikuki, ndiyo maana sisi na wao leo ni watani. Kuniamkia kwake ni kunichokoza tu.

"Mgogo asubuhi hii? Nani kafa kwenu, ng'ombe au mtu?"

"Bado," nikasema. "Ila kesho labda mtu."

Akaweka mtego chini. Nikamweleza yote, mpaka nikafika kwenye Mawe. Akajipapasa lile bega.

"Mimi ndiye mtani wake," akasema. "Akifa, kazi za maziko ni zangu. Na aliyefia kwenye Mawe hazikwi kirahisi, mama Nyemo. Mpaka umtafute kwanza. Kazi hiyo nimeshaifanya, siipendi."

Hakuniahidi kitu. Nilirudi nyumbani nikasonga ugali ukaniungulia.

Jua lilipopanda, baba Nyemo alikuwa ukingoni mwa mto anamwonyesha bwana mtumbwi, na watu wamejaa kutazama. Kihwele akaja polepole kama mtu aliyepotea njia. Akaokota kafi la mume wangu, akalitia kwapani, akaanza kuondoka nalo.

Watu walianza kucheka hapohapo. Mtani akichukua kitu chako hukasiriki. Unamuuliza anataka nini, unakigomboa, basi. Ukikasirika, wewe ndiye wa kuchekwa mwaka mzima.

"Sema bei yako, mla mbwa," baba Nyemo akamwambia, kwa tusi letu la siku zote kwa Wahehe. "Unataka kuku?"

"Kuku wako wamekonda. Nataka neno moja." Kihwele akamshika sikio, moja ya masikio yetu sisi Wagogo yaliyotobolewa na kuvutwa, akalitikisa taratibu. "Masikio makubwa hivi, na bado husikii Mawe yanavyonguruma? Niambie mbele ya watu hawa. Siku ulipopita Mawe, nani alikaa mbele yako?"

Baba Nyemo aliendelea kucheka, kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa. Lakini mimi ni mkewe. Kicheko chake nakijua, na kile hakikuwa chake.

"Hakuna," akasema. "Sijapita."

Watu wakapiga makofi, kafi likarudishwa, na kwa kitambo kidogo nilifurahi kwamba ameusema ukweli. Lilikuwa neno la utani, na neno la utani halimharibii mtu jina. Nilikuwa nimesahau jambo moja tu. Mkalimani naye alikuwa anacheka. Kisha akaacha kucheka, akamgeukia bwana, akaanza kumfasiria.

Bwana hakucheka.

Alisema maneno mengi. Nilimshika Nyemo kwa nguvu mpaka akalia. Mwishowe Mrangi yule akatutazama, na naona alikuwa anaona haya kidogo.

"Bwana anasema anayeijua njia ndiye atakayepita. Kesho asubuhi." Akamnyoshea Kihwele kidole.

Kihwele alitazama bega lake, akatazama maji, akamtazama mume wangu.

"Nitakaa mbele," akasema. "Huyu akae nyuma. Mimi nina mkono mmoja mzima na yeye ana miwili. Ukijumlisha, ni zaidi ya mtu mmoja."

Bwana mwenyewe hatapanda. Atafuata ukingoni kwa miguu na vyombo vyake, atazame kwanza kama wanafika, ndipo ajue achukue penseli gani. Habari ya kutobeba mizigo hakuna aliyethubutu kuiuliza tena.

Nilikwenda kumtoa mtu mmoja kwenye Mawe, nimewatia wawili.

Nimejiuliza mchana kutwa kama nilikosea. Nikiwaza baba Nyemo akiwa peke yake nyuma ya mtumbwi, kichwa cha bwana kikimziba asione mbele, nasema hapana, sikukosea. Nikimwaza Kihwele na bega lile, nasema nilikosea. Yule hakuwa na deni lolote kwetu. Angeweza kuendelea na mtego wake.

Baba Nyemo amerudi kabla jua halijazama. Amekaa nje, analipaka kafi mafuta, na amelipaka mara mbili. Hakuniangalia aliposema, "Ulikwenda kwa Mhehe."

"Nilikwenda."

Nikangoja anigombeze. Ningefurahi angenigombeza.

"Ni afadhali akae mbele," akasema. Kisha akaomba nimpe Nyemo, akampakata mpaka mtoto akasinzia. Chakula hajakigusa. Na mimi sijakigusa, ingawa nimemdanganya kwamba nilikula jikoni.

Nimejaribu kusali. Kila nikifumba macho, badala ya maneno ya sala nasikia yale maji.

Kuna jambo moja linanizunguka kichwani. Kihwele alisema akifa baba Nyemo, kazi za maziko ni zake. Na akifa Kihwele, kazi hizo ni za baba Nyemo, ndivyo tunavyofanyiana tangu zamani. Kesho watakaa mtumbwi mmoja. Ukipinduka, nani atamtafuta nani?

Sitakaa jikoni kusikiliza. Kutakapokucha nitamfunga Nyemo mgongoni, nishuke mpaka chini ya Mawe, pale maji yanapotulia, nikae kwenye mchanga niwangoje. Na yule Mhehe akitokea, kabla hajatia mguu nchi kavu, nitamtukana yeye, na mbwa wake, na ukoo wake wote, matusi ambayo hajapata kuyasikia. Nimeshayapanga.

Ee Mungu, nipate wa kumtukana.