Mzizi wa Danggui na Majani Mawili ya Sale

Pasua, Moshi
Jumanne, baada ya Alasiri

Ndugu yangu Wenseslaus,

Salamu zangu zikukute huko Geita ukiwa mzima, kifua hakina vumbi la machimbo. Mimi Yunusu mwilini sijambo, nimenenepa hata, ila tangu Ijumaa nakaa nasimama, chai inapoa mbele yangu. Barua hii nimeianza mara tatu. Utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu nitakuchekesha halafu nitakata, unanijua.

Kwanza habari njema. Mama yako, ambaye nami namwita Mama, ametoka hospitali yuko nyumbani Kilema, damu ya pua imekatika, na juzi alimaliza bakuli la mtori wa ndizi akalalamika kwamba nyama ni kidogo. Akisema hivyo ujue amerudi.

Habari mbaya unayo: mkeo Gladys yuko kwa wazazi wake Shirimatunda. Kikao cha ukoo Ijumaa kilisema alimzidishia Mama vile vidonge vya kuzuia damu isigande. Baba mdogo Fabian akaongeza kwamba mwanamke anayetazama simu huku anahesabu dawa ataua mtu. Gladys aliapa kwa Bikira Maria kuwa alitoa kimoja kila jioni, kama alivyoandikiwa. Akafunga kanga zake, akaondoka. Mimi nilikuwepo, soda mkononi, na mimi ninayejibu hata nisipoulizwa, siku hiyo nilikuwa bubu.

Sasa sikia. Shule niliishia la saba, lakini dunia nimeisoma. Guangzhou nimefika, siku kumi na moja, na wateja wangu wa dawa za miti shamba wananiita Profesa, sijawakataza. Nilirudi na mzizi unaitwa danggui. Wachina wanauchemsha na supu ya kuku, wanawapa wanawake wenye maumivu ya mwezi au waliopungukiwa damu. Bibi mmoja kule alinieleza kwa vidole, nikajiona nimeelewa yote. Basi Mama aliponiambia miguu inakufa ganzi, nikampelekea mfuko mzima, bure, maana jikoni kwake nimekula kuliko kwetu. Anameza vidonge gani, sikuuliza.

Nikamwambia na lile ninalowaambia wateja wote ili dawa ionekane kubwa: asiutaje kwa daktari, kwa sababu mzizi ukitajwa mbele ya koti jeupe nguvu zake zinakimbia. Niliyatunga mwenyewe maneno hayo, Wense. Ni ya kuuzia tu.

Mama aliyashika kama amri. Daktari alimwuliza mara mbili kama anatumia dawa za miti shamba, akatikisa kichwa. Na Gladys alipokuwa anafunga kanga zake, Mama alinitazama mimi, akasubiri. Nikanywa soda.

Jana nilikwenda kwa daktari na mfuko mkononi. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alisema mzizi ule na vidonge vya Mama vyote vinazuia damu kuganda, vikikutana damu haishikiki. Akauliza nimewauzia wangapi. Nimeanza kuwatafuta mlango kwa mlango, wamebaki saba. Kisha nikapanda Kilema nikamwambia Mama kuwa maneno yale yalikuwa uongo wangu. Akasema nimtafutie fimbo, halafu akaniuliza kama nimekula.

Ndani ya bahasha kuna jani la sale. Nimelikata kwenye mpaka wa shamba lenu, Mama ameniruhusu. Mimi si Mchagga wa damu, ila najua kwenu anayeomba msamaha kwa jani hilo hakataliwi. La pili nimelifunga kwenye gazeti, ni la Gladys. Nikimaliza kuandika naenda Shirimatunda, na Baba mdogo Fabian naye anakuja; nimemwambia kila kitu, ya simu hayataji tena. Gladys akilitupa, nitakaa nje ya geti lao na kuliokota. Lakini ukishaisoma barua hii mpigie siku hiyohiyo, asisikie kwangu peke yangu.

Mke wangu Rahma na watoto wanakusalimu sana, nawe tusalimie wenzako wa shimoni. Ukitaka kunipiga, njoo Desemba kama kawaida yenu Wachagga, mgongo utaukuta.

Ni mimi ndugu yako,
Yunusu, aliyekuwa Profesa