Viatu vya Ijumaa

Kasongo, siku ya posho, Jumamosi

Huyu infirmye, muuguzi wa hospitali yetu, ananichosha. Mimi na bwana yangu tuko na ugonjwa moja, sukari, lakini kila mara yeye ndiye anavuliwa viatu. Mimi naulizwa tu, "Mama, macho iko sawa?" Eti miguu inaoza kwa wanaume.

Leo bwana yangu, Baba Amisi, mwenye walimukata kidole cha muguu mwaka jana, alikataa kutoka. "Angalia na miguu ya bibi yangu."

Kidonda kilikuwa katikati ya vidole vyangu. Sikukisikia hata siku moja. Infirmye alikiosha, akafunga. Kingali kidogo, kitapona.

Nyumbani Baba Amisi akanipa viatu vyake vya musikiti. Ni vikubwa, bandeji inaingia vizuri. Wamama walicheka kule mutoni. Sikuvivua.